Nyumba ya Pamoja Baraka: Andikeni Kwanza Siku Fedha Itakapotoka

Ndugu wanaochanga kujenga nyumba za kupangisha kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika huulizana kuhusu faida. Kuhusu muda hawaulizani, na huko ndiko ugomvi unakozaliwa.

Boti zinazofika Baraka, mji wa Fizi nchini Kongo, kutoka Kigoma na Kalemie hushusha saruji, mabati na nondo. Vibarua hukunja suruali, huingia majini hadi magotini na kubeba mifuko begani, mmoja mmoja, mpaka nchi kavu. Sehemu ya shehena hiyo huishia kwenye nyumba za milango: jengo refu la chini, vyumba vimepangwa mstari mmoja, kila mlango na mpangaji wake, choo kwenye kona ya ua, kamba ya nguo imevutwa kutoka ukuta hadi ukuta.

Ukiuliza nyumba ni ya nani, mara nyingi jibu lina majina zaidi ya moja. Dada anatuma fedha kutoka Marekani. Kaka anatuma kutoka Norway. Mdogo wao aliyebaki nyumbani anasimamia mafundi. Kiwanja kilitoka kwa baba mdogo, mtu wa rasi ya Ubwari. Wote wanaamini wanajenga kitu kimoja. Waketishe pamoja uwaulize, utasikia nyumba nne. Dada anataka fedha yake irudi baada ya miaka mitatu, alipie mtoto chuo. Kaka anataka mahali pa kuzeekea. Mdogo anataka pango la kila mwezi, kwa sababu ndilo mshahara wake. Baba mdogo anajua kwamba kiwanja ni cha ukoo na hakiuzwi.

Hakuna aliye mwongo kati yao. Walichokosa ni sentensi moja kwenye karatasi: nyumba hii tutakaa nayo miaka mingapi, na siku hiyo ikifika kila mtu atatokaje na chake.

Mji unaojenga ili upangishe

Baraka ina sababu zake za kuwa na wapangaji wengi. Vita vya 1996 na vilivyofuata viliwavusha watu wa Fizi ziwa zima hadi Kigoma, kwenye kambi kama Nyarugusu na Lugufu. Oktoba 2005 UNHCR ilianza kuwarudisha kwa meli hadi Baraka. Waliorudi walikuta nyumba zimebomoka, na mashirika yaliyokuja kuwasaidia nayo yalihitaji ofisi, maghala na vyumba vya wafanyakazi. Mwaka 2015 Warundi waliokimbia machafuko ya nchi yao wakapokelewa Lusenda, kandokando ya ziwa, na mahitaji yakaongezeka. Upande wa kusini, dhahabu ya Misisi inavuta wachimbaji, wanunuzi na wafanyabiashara ambao hawana haja ya kununua kiwanja. Wao wanahitaji mlango wenye kufuli nzuri.

Wakati huohuo, baadhi ya waliobaki Nyarugusu walipata nafasi za kuhamia nchi za mbali, na wengi sasa wanafanya kazi Marekani, Kanada, Australia na nchi za Skandinavia. Mtu anayelipa pango kila mwezi ugenini hawezi kukosa kuwaza: kwa nini na mimi nisiwe na mlango wangu nyumbani unaoniletea pango? Fedha hiyo ndiyo inayojenga. Ni akiba ya watu wanaofanya kazi za zamu za usiku, wala haikutoka benki. Ndiyo maana inastahili kuwekewa utaratibu wenye heshima.

Karatasi moja na kilichokosekana ndani yake

Angalia karatasi ya ununuzi wa kiwanja ilivyo katika miji ya Kivu. Ni ukurasa mmoja, mara nyingi wa mkono. Juu kuna jina la muuzaji na la mnunuzi. Kisha vipimo: upana mita kadhaa, urefu mita kadhaa, jirani wa kaskazini fulani, wa kusini fulani, magharibi barabara. Bei kwa dola, kwa tarakimu na kwa maneno. Chini kuna mashahidi wa upande huu na wa upande ule, sahihi za kalamu na alama za vidole gumba, na muhuri wa mkuu wa mtaa ukipatikana.

Karatasi hiyo ina akili nyingi. Inajua kwamba mipaka hugombaniwa, ikawaita majirani kwa majina. Inajua kwamba bei hukanushwa, ikaiandika mara mbili. Lakini ndugu wanne wanapochanga dola elfu ishirini kujenga juu ya kiwanja hichohicho, karatasi ya pili haiandikwi. Makubaliano yao yamo kwenye ujumbe wa sauti wa WhatsApp, na simu ikiibiwa yamekwenda. Wahenga walishasema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Hesabu ya milango kumi

Tuchukue mfano, tarakimu zake ziwe za kufundishia tu. Nyumba ya milango 10 imegharimu dola 20,000 pamoja na kiwanja. Kila mlango ni dola 25 kwa mwezi. Milango yote ikijaa, mwaka unaleta dola 3,000, na hiyo ndiyo tarakimu ambayo msimamizi huituma ng'ambo.

Tarakimu ya kweli ni ndogo kuliko hiyo. Mpangaji hutoka na mlango ukakaa wiki kadhaa bila mtu. Mwingine hukaa na asilipe. Tukiondoa sehemu moja kati ya kumi kwa ajili hiyo, zinabaki dola 2,700. Komisioneri, yaani dalali aliyeleta wapangaji, anataka chake. Choo kinajaa, bati linapeperuka, kufuli zinabadilishwa. Kodi ya mapato ya pango, ambayo huingia kwenye mfuko wa jimbo, inapaswa kulipwa. Tuseme hayo yote ni dola 700. Kinachobaki cha kugawana ni dola 2,000, yaani asilimia 10 ya fedha yote iliyozikwa pale.

Asilimia 10 kwa mwaka si faida mbaya. Lakini isome pamoja na muda. Maana yake ni kwamba pango peke yake litarudisha mtaji baada ya miaka 10. Sasa mrudie dada anayetaka dola zake 5,000 baada ya miaka 3. Kwa miaka 3 nyumba itakuwa imezaa dola 6,000 kwa watu wote wanne. Zake za mtaji hazimo humo. Zitapatikana tu nyumba ikiuzwa, au mwingine akinunua sehemu yake. Kama mambo hayo hayakupangwa, aliyemwambia "baada ya miaka mitatu zitarudi" alimwahidi fedha ambayo nyumba haiwezi kuitoa.

Kuna fedha moja ambayo haifai kuingizwa kwenye hesabu hii hata siku moja: garanti ya mpangaji. Sheria ya Kongo ya Desemba 31, 2015 kuhusu mikataba ya pango isiyo ya kibiashara imeweka kikomo cha miezi mitatu kwa nyumba ya kuishi, na fedha hiyo hurudi kwa mpangaji anapoondoka. Msimamizi anayeigawa kama faida ya mwaka wa kwanza amekopa kwa wapangaji bila kuwaambia.

Nani analipwa kwanza

Wawekezaji wa majengo ya kupangisha kule Marekani wana desturi ambayo inafaa kuazimwa. Faida haigawanywi yote kwa mkupuo mmoja. Inashuka kwa ngazi. Ngazi ya kwanza ni ya kila aliyeweka fedha, kwa asilimia iliyotajwa, mara nyingi karibu 7 au 8 kwa mwaka. Ikishajaa ngazi hiyo, kinachozidi hugawanywa kati ya wenye fedha na yule anayeendesha kazi. Hivyo msimamizi halipwi ziada mpaka wenzake wapate kile walichokubaliana.

Tuilete Baraka. Dada, kaka na mshirika wa tatu aliye ng'ambo wameweka dola 5,000 kila mmoja. Katika mfano huu kiwanja ni cha mdogo wao mwenyewe: amekiweka kwa thamani ya dola 3,000 pamoja na fedha taslimu 2,000, naye pia ana 5,000. Wamekubaliana ngazi ya kwanza iwe asilimia 8, na kinachozidi, nusu yake iwe ujira wa msimamizi, nusu nyingine igawanywe sawa kwa wote wanne.

Mwaka mzuri wa dola 2,000 unagawanyika hivi. Ngazi ya kwanza ni dola 1,600, kila mtu 400. Zinabaki 400: mdogo anachukua 200 za usimamizi, na 200 nyingine zinampa kila mmoja 50. Walio ng'ambo wanapata 450 kila mmoja. Mdogo anapata 650. Anaona kwa macho yake kwamba mlango ukikaa tupu, mfuko wake ndio unaopungua kwanza.

Mwaka mbaya nao uwekewe kanuni mapema. Tuseme milango imekaa tupu, choo kimejengwa upya, zimebaki dola 1,200 tu. Zote zinaingia ngazi ya kwanza, kila mtu 300, na ngazi imepungukiwa dola 400. Je, pengo hilo linafutwa au linasubiri mwaka unaofuata? Likisubiri, mwaka unaofuata ukileta 2,000, zote zitakwenda ngazi ya kwanza, kila mtu 500, na msimamizi hatapata ujira wa ziada. Likifutwa, anarudi kwenye 650 zake. Njia zote mbili ni halali. Isiyofaa ni kuichagua moja baada ya mwaka mbaya kupita, kwa sababu siku hiyo kila mtu ataichagua inayompendelea.

Miaka saba au kumi na miwili

Sasa tuuweke muda mezani. Wamekubaliana kuuza mwaka wa saba na kumpa msimamizi asilimia 30 ya faida ya mauzo, na mnunuzi ametoa dola 26,000. Kwanza kila mmoja anarudishiwa 5,000 zake. Zinabaki 6,000, asilimia 30 ni ya msimamizi, dola 1,800, na 4,200 zinagawanywa kwa wanne, 1,050 kila mmoja. Dada aliyekuwa akipata 450 kwa mwaka amekusanya 3,150 kwa miaka 7, na siku ya kuuza anapokea 6,050. Jumla ni 9,200 kutokana na 5,000.

Kama wangeuza mwaka wa kumi na mbili kwa bei hiyohiyo, angekuwa amepata 11,450. Fedha ni nyingi zaidi, lakini imechukua miaka mitano ya ziada. Ukikokotoa faida ya kila mwaka kwa kuzingatia siku fedha ilipoingia na siku ilipotoka, ya miaka 7 ni karibu asilimia 11, ya miaka 12 ni karibu asilimia 10. Tarakimu hizi mbili lazima zisomwe pamoja. Anayekuonyesha jumla peke yake anaficha miaka. Anayekuonyesha asilimia peke yake anaweza kuficha kwamba fedha itarudi mapema na ukose mahali pengine pa kuiweka.

Kuna mwaka mwingine unaosahaulika: mwaka wa ujenzi. Chukua mpango uleule wa miaka 7, lakini nyumba imechelewa miaka 2 bila mpangaji, kwa sababu mvua zimekata barabara ya Uvira au fundi amekimbia na fedha za milango. Dada atapata pango la miaka 5 tu. Jumla yake inashuka hadi 8,300, na faida ya kila mwaka inaanguka kutoka karibu asilimia 11 hadi karibu 8. Hakuna aliyeiba hata dola moja. Ucheleweshaji peke yake umekula zaidi ya robo ya pango ambalo angelivuna. Ndiyo maana mkataba unapaswa kusema saa inaanza kuhesabiwa lini: siku fedha ilipotumwa, au siku mpangaji wa kwanza alipoingia.

Sheria nayo ina muda wake

Wengi hujadili miaka ya kukaa na nyumba kana kwamba ardhi haina la kusema. Katika Kongo inalo. Sheria ya Julai 20, 1973, iliyorekebishwa mwaka 1980, inasema ardhi ni mali ya serikali, isiyouzika. Mtu hupewa haki ya kuitumia. Haki hiyo ni ya namna mbili. Ile ya kudumu hupewa mtu binafsi mwenye uraia wa Kongo. Ile ya kawaida hupewa wengine wote, zikiwemo kampuni, kwa muda usiozidi miaka 25 unaoweza kuongezwa.

Soma tena ukimkumbuka dada aliye Marekani. Sheria ya uraia ya Novemba 12, 2004 inasema uraia wa Kongo ni mmoja na hauchangamani na mwingine. Siku atakayoapa kuwa raia wa Marekani, hana tena sifa ya kupewa haki ya kudumu kama Mkongo. Hilo si jambo la kumtisha, ni jambo la kuandikwa: hati itakuwa kwa jina la nani, kwa haki ya namna gani, na wenzake wanamlindaje akibadili pasi.

Wengine huona suluhisho ni kufungua kampuni. Tangu Kongo ilipoingia OHADA, jumuiya ya sheria za biashara barani Afrika, mwaka 2012, ndugu wanaweza kuanzisha kampuni ya SARL yenye hisa zilizoandikwa, na hilo linasaidia sana kugawana faida na kuuziana sehemu. Lakini kampuni haipewi haki ya kudumu. Itapata ile ya miaka 25, na mpango wa kukaa na nyumba lazima uujue mwisho huo na kuupangia uombaji upya.

Kwa upande wa Ubwari na vijiji vya Fizi kuna jambo zito zaidi. Viwanja vingi huko vinashikwa kwa mila. Sheria ya 1973 iliahidi kwamba amri ya rais ingefafanua haki za ardhi za wenyeji, na kwa miongo mingi amri hiyo haikutolewa. Kwa hiyo karatasi ya mkono yenye muhuri wa mkuu wa kijiji ni mwanzo mzuri, lakini ulinzi wa kisheria huja na hati ya usajili, ile sertifika inayotolewa na msimamizi wa hati za ardhi. Ikishatimiza miaka 2 bila kupingwa, inakuwa vigumu sana kuivunja. Mchango wowote wa maana usipelekwe kwenye matofali kabla safari ya kuitafuta hati hiyo haijaanza, na gharama zake ziingizwe kwenye bajeti tangu mwanzo.

Waliokwisha kulipia somo hili

Wakongo wenye umri wanaikumbuka Bindo Promotion ya Kinshasa. Watu waliahidiwa kwamba fedha yao ingeongezeka mara kadhaa kwa wiki chache. Wa kwanza walilipwa kwa fedha za waliofuata, na mwaka 1991 mpango huo ukaanguka ukiondoka na akiba za familia. Hapakuwa na nyumba, wala shamba, wala kiwanda ambacho kingeweza kuzaa kwa kasi ile.

Nairobi imetoa somo lililo gumu zaidi, kwa sababu pale majengo yalikuwepo. Cytonn High Yield Solutions ilikusanya zaidi ya shilingi bilioni 10 za Kenya kutoka kwa maelfu ya watu, ikiwaahidi faida inayofika asilimia 18 kwa mwaka. Fedha iliingia kwenye miradi ya nyumba. Wenye fedha waliahidiwa kulipwa kwa muda mfupi. Nyumba zilihitaji miaka kujengwa na kuuzwa. Wengi walipotaka chao kwa wakati mmoja, hakikuwepo taslimu. Oktoba 2021 mfuko huo ukawekwa chini ya msimamizi, na Januari 2023 Mahakama Kuu ikaamuru ufilisiwe. Saruji ilikuwepo, nondo zilikuwepo. Muda wa fedha na muda wa nyumba havikulingana.

Mji huohuo una mfano wa upande wa pili. Acorn, wajenzi wa mabweni ya wanafunzi ya Qwetu na Qejani, walitoa hatifungani ya miaka 5 mwaka 2019, wakakusanya shilingi bilioni 4.3 kwa riba ya asilimia 12.25, na deni hilo likalipwa mwaka 2024. Pia walitenganisha mifuko miwili. Mmoja unajenga, nao ni wa watu wanaoweza kuvumilia miaka bila mavuno. Wa pili unanunua mabweni yaliyokwisha kujaa wanafunzi, nao ni wa wanaotaka gawio la mara kwa mara. Kanuni za Kenya zinautaka mfuko wa namna hiyo ugawe angalau asilimia 80 ya mapato yake halisi. Kila mtu anaingia kwenye muda unaomfaa.

Na asidhani yeyote kwamba walio Marekani wamesalimika. Kati ya Machi 2022 na Julai 2023 benki kuu ya nchi hiyo ilipandisha riba kutoka karibu sifuri hadi zaidi ya asilimia 5. Vikundi vilivyonunua majengo kwa mikopo ya muda mfupi yenye riba inayobadilika vikakamatwa katikati. Aprili 2023, huko Houston, kampuni moja ilinyang'anywa majengo manne yenye nyumba zaidi ya 3,000, na wawekezaji wake wakapoteza mtaji. Walipanga kukaa miaka michache, kupandisha pango na kuuza. Mkopo uliiva kabla ya mpango.

Milango ya kutokea

Nyumba ya pamoja inahitaji njia zaidi ya moja ya kutoka, na kila moja iwe na kanuni.

Ya kwanza ni kuuza yote. Mkataba useme mwaka gani jambo hili litaletwa mezani, wangapi wakikubali linapita, na wanaweza kuongeza muda mara ngapi. Kusema miaka 7, na nyongeza ya mwaka mmoja mara mbili kwa kura ya watatu kati ya wanne, kunatosha kuzuia vurugu nyingi.

Ya pili ni mmoja kununua sehemu ya mwenzake. Hii ndiyo inayowafaa wengi Baraka, kwa sababu ukoo hautaki kiwanja kitoke nje. Lakini bei itapatikanaje? Njia nyepesi ni kuifunga na pango: thamani ya nyumba ihesabiwe kama mara 10 ya mapato halisi ya mwaka, yale ya baada ya gharama. Katika mfano wetu ni dola 20,000, na sehemu ya robo ni 5,000. Alipwe kwa awamu ngapi, ndani ya miezi mingapi, iandikwe.

Ya tatu inajulikana sana Kariakoo, Dar es Salaam: mwenye kiwanja na mwenye fedha huungana, na mwenye fedha hulipwa kwa kupewa sakafu kadhaa, au kwa kukusanya pango la miaka waliyokubaliana kisha jengo linabaki kwa mwenye kiwanja. Kwa baba mdogo wa Ubwari asiyetaka kuuza ardhi ya ukoo, huu ni mpango wa haki. Ardhi yake haitoki. Fedha ya watoto wa kaka yake inarudi kwa njia ya muda.

Kisha kuna mambo ambayo hakuna anayependa kuyataja mezani. Mmoja akifa, sehemu yake inahamia kwa warithi, na sheria ya familia ya Kongo ya mwaka 1987 inawaweka watoto mbele. Je, watoto hao wanaingia kama washirika, au wananunuliwa sehemu ya mzazi wao? Vita vikija, je? Goma ilipotekwa Januari 2025 na Bukavu Februari mwaka huohuo, benki zilifunga milango na watu wakabaki na fedha wasizoweza kuzigusa. Desemba vita vikafika Uvira. Mkataba wa nyumba ya Fizi usiokuwa na mstari kuhusu vita umeandikwa kwa nchi nyingine. Uweke wazi kwamba miezi ya kukimbia haihesabiwi kwenye muda, na kwamba msimamizi haruhusiwi kuuza wakati wenzake hawapatikani.

Ziwa nalo ni mshirika asiyealikwa. Maji ya Tanganyika yalipanda mwaka 2020 na tena mwaka 2024, yakaingia kwenye nyumba za mwambao kuanzia Bujumbura na Uvira hadi Kalemie na Kigoma. Na maji hayatoki ziwani peke yake: Mei 2025 mafuriko ya mto yaliangamiza watu wengi katika kijiji cha Kasaba, Fizi. Kiwanja cha ufukweni kina pango zuri mwaka wa kwanza. Swali ni kama mwaka wa kumi bado kitakuwa nchi kavu. Anayepanga kukaa miaka mingi apande juu, hata kama mlango utapungua dola chache.

Na mpangaji mkubwa apimwe pia. Shirika la misaada hulipa vizuri, mara nyingine miezi mingi mbele. Mwaka 2025 Marekani ilipolifunga shirika lake la misaada, USAID, mashirika mengi duniani yalifunga ofisi ghafla. Nyumba iliyojengwa kwa ajili ya mpangaji mmoja wa aina hiyo hukaa tupu siku mkataba wake ukiisha. Wapangaji kumi wa dola 25 huchosha kuwafuatilia, lakini hawatoki wote siku moja.

Nidhamu tayari ipo nyumbani

Haya yote yasionekane kuwa ni elimu ya mabwana wenye ofisi za vioo. Mama anayeuza samaki sokoni Baraka na ambaye ni mwanachama wa AVEC, kikundi cha kijiji cha kuweka na kukopa, anayajua. Kikundi chake, kilichofuata mfano ulioanzishwa na CARE nchini Niger mwaka 1991, kina hisa zenye bei, sanduku lenye kufuli tatu na watunza funguo watatu tofauti, daftari linalosomwa kwa sauti mbele ya wote, na mzunguko wenye mwisho: miezi 9 hadi 12, kisha mgao. Hakuna anayeingia bila kujua siku ya mgao. Hakuna anayekopa zaidi ya uwezo wa sanduku.

Nyumba ya milango kumi inahitaji ukali uleule, ila mzunguko wake ni miaka badala ya miezi. Ndugu mwenye digrii ng'ambo na msimamizi mwenye kalamu nyumbani wanaweza kuketi na mama huyo saa moja na kutoka na mkataba bora kuliko ujumbe wa sauti mia moja.

Kwa hiyo, kwa kila kikundi kinachochanga mwezi huu: kabla fedha haijatumwa kununua mfuko wa kwanza wa saruji, andikeni karatasi ya pili na muisaini wote, mbele ya mashahidi, nakala kwa kila mmoja. Nani ameweka nini na kiwanja kimethaminiwa kiasi gani. Nani analipwa kwanza, kwa asilimia ngapi, na pengo la mwaka mbaya linakwenda wapi. Saa inaanza lini, na miaka ni mingapi. Anayetaka kutoka mapema analipwaje, na nani. Hati ya ardhi iko kwa jina la nani na haki yake inaisha lini. Kifo, vita na maji vikija, nani anaamua. Mwenye haraka ya miaka mitatu aambiwe wazi kwamba nyumba hii haimfai, akope mahali pengine au asubiri. Kumwambia hivyo leo ni kumheshimu. Kumwambia mwaka wa tatu, mtoto wake akiwa mlangoni mwa chuo, ni kumdhulumu.